Alama ya Kosa Chini ya Pikapu

Sauti ile ilikuwa fupi na kavu, kama shina la muhogo linapovunjwa kwenye goti kwa ajili ya kuni. Ilitoka chini ya miguu yangu, upande wa kushoto, tairi la mbele lilipoingia kwenye mfereji unaokata barabara kabla ya kufika Murungu. Mama mdogo, aliyekuwa kwenye usukani, hakupunguza hata mwendo.

“Ni jeki hiyo,” alisema. “Kila siku naiambia nitaifunga kamba.”

“Labda,” nilijibu.

Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko neno lolote la tasnifu yangu, kwa sababu nilipokuwa nikilitamka nilijua kwamba si jeki. Jeki ilikuwa nyuma ya kiti. Sauti ilitoka mbele, mahali ambapo nilipajua kwa milimita.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Anaishi Kibondo, ananunua maharage na muhogo mkavu vijijini na kuvipeleka sokoni, na pikapu ile ndiyo mikono na miguu ya biashara yake. Siku za Jumapili hubeba kwaya ya akina mama wa kanisani kwake. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nilikuja Kasulu kufanya utafiti kwenye mashamba ya Heru Juu na Kagerankanda: ninamuuliza mkulima shamba lake lina ukubwa gani, ninaandika jibu lake, kisha ninalizunguka shamba lile na kifaa cha kupimia na kuandika kile kinachosomeka. Kwa maneno mengine, ninasomea tofauti iliyopo kati ya kauli na kipimo. Ningependa kusema kwamba sikuona mapema jinsi jambo hilo lingekuja kunigeukia. Niliona. Ninaona mambo mengi mapema, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kutofanya lolote.

Masika yalipokuwa yakiisha, mama mdogo alisafiri kwenda Tabora kumhudumia binti yake aliyekuwa amejifungua. Aliniachia pikapu. “Usiwe unapanda bodaboda na vyombo vyako vya serikali,” alisema, ingawa vyombo ni vya chuo, na nimeshindwa kumweleza tofauti. Nilikaa nayo wiki tatu bila tatizo. Siku moja, nikirudi kutoka Kagerankanda, nilikuwa na shamba moja kichwani ambalo hesabu zake zilikataa. Mkulima alikuwa amesema eka mbili. Kifaa kilisema zaidi ya tatu. Kifaa kilikuwa juu ya kiti cha pembeni. Nilikitazama. Zilikuwa sekunde mbili, au tatu. Nilipoinua macho barabara ilikuwa imepinda na mimi sikuwa nimepinda, na pikapu ikagonga ukuta wa kalvati kwa kona yake ya kushoto.

Sikuumia, isipokuwa bega lililobanwa na mkanda. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi aliiegemeza kwenye tuta, akaja mbio, akachungulia dirishani.

“Pole dada. Pole sana. Ni mbuzi?”

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mbuzi, ni kweli. Walikuwa mbali, wakila, na walikuwa wakitutazama kama watu waliofika kwenye mashauri yasiyowahusu. Nilitikisa kichwa kukubali. Sikumtunga mbuzi yule. Nililetewa na mtu mwema aliyetaka kunipunguzia aibu, nami nikampokea kwa mikono miwili.

Lori lililokuwa likirudi mjini tupu liliivuta pikapu hadi Kasulu, kwa fundi wa bodi ambaye uwanja wake uko nyuma ya maduka ya nguo. Ni mtu wa makamo, mwembamba, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni kama mama yangu alivyoletwa, na ambaye sasa ni raia kama sisi. Nilimweleza habari ya mbuzi kabla hajaniuliza.

“Mbuzi wa huku,” alisema huku akivua kandambili ili alale chini, “wangekuwa wanashitakiwa, gereza lingejaa. Kila gari linaloletwa hapa limemkwepa mbuzi. Mimi bado sijaletewa gari lililogongwa na dereva.”

Nilicheka. Hakucheka.

Gari la aina ile limelala juu ya chesesi, mihimili miwili mipana ya chuma inayokwenda sambamba toka mbele hadi nyuma na kuunganishwa kwa vipande vya kukingama, kama ngazi iliyolazwa. Bodi, injini, matairi, mzigo na watu, vyote vinabebwa na ngazi hiyo. Fundi hakujishughulisha na boneti iliyokunjamana wala taa iliyovunjika. Alichukua uzi wenye nati nzito mwishoni, akauning'iniza kutoka kwenye tundu moja la chesesi mpaka nati ikakaribia kugusa sakafu ya saruji, akangoja itulie, akaweka nukta ya chaki chini yake. Alifanya hivyo kwenye tundu la pili, la tatu, hadi nukta nane. Kisha tukaisukuma pikapu nyuma, na pale ilipokuwa imesimama zikabaki nukta tu. Akavuta uzi kutoka kona moja hadi kona ya pili mkabala, halafu kutoka kona nyingine.

“Urefu huu na huu unatakiwa ulingane,” alisema. “Juu gari linaweza kukudanganya. Milango inafungika, taa zinawaka, unaona ni zima. Sakafu haijui kudanganya.”

Nilitoa utepe wangu wa kupimia, nikapima mwenyewe. Tofauti ilikuwa milimita thelathini na nne. Lazima nikiri kwamba katika dakika zile nilifurahi. Nilikuwa nimekaa miezi kati ya vifaa vya bei mbaya, na hapa palikuwa na mtu mwenye uzi na nati ambaye alifanya kazi yangu kwa usafi kuliko mimi. Nilimwambia hivyo. Tangu hapo akaacha kuniita dada, akaniita mwalimu.

“Nipe siku tisa,” alisema.

Ilikuwa Jumanne. Mama mdogo alikuwa anarudi Jumamosi.

“Ijumaa,” nilisema.

“Oya, mwalimu.” Alikataa kwa upole, kwa neno la kwao ambalo ni la kwetu pia. “Chuma ni kama mtoto aliyenuna. Ukimvuta kwa nguvu atakuja, lakini ukigeuka amerudi alipokuwa. Unamvuta kidogo, unamwacha alale, asubuhi unapima. Unamvuta tena kidogo. Na hapa,” aligusa mhimili wa kushoto, pale ulipokunjika karibu na mahali panaposhikilia mkono wa tairi, “hapa huwezi kubandika kiraka juu ya kunjo. Unanyoosha kwanza, ndiyo unachomelea.”

Nilimwelewa. Hilo ndilo jambo ambalo siwezi kulizunguka kwa namna yoyote: nilimwelewa kabisa. Hata hivyo, nilianza kusema. Nilisema kwamba katika kila kipimo kuna kiwango cha kosa kinachovumilika. Nilisema kwamba kwa matumizi ya kawaida, kwenye barabara za kawaida, milimita kadhaa hazibadilishi kitu.

“Zinavumilika kwenye karatasi, ama kwenye chuma?” aliuliza.

Nilisema nitairudisha baada ya wiki mbili ili amalizie. Aliamini, kwa sababu anawaheshimu watu waliosoma, na mimi nilikuwa nimekwisha kuiona heshima hiyo na kujua itakubali kubeba kiasi gani.

Alifunga mnyororo kwenye nguzo ya chuma aliyoizika uwanjani, akavuta kwa jeki siku mbili badala ya tisa. Ijumaa mchana tofauti ilikuwa milimita kumi na moja. Boneti na bampa mpya zilikaa vizuri, mlango ulifungika kwa sauti ya mlango. Alichomelea bamba juu ya kunjo, kwa sababu nilimwambia achomelee. Chuma kilipopoa alichukua chaki ya nta ya rangi ya njano, akaandika juu ya bamba mistari miwili iliyokatana.

“Hiyo ni ya nini?”

“Ni kosa, kama la mwalimu kwenye daftari. Kazi yangu ambayo haijaisha naiwekea kosa. Fundi mwingine akilala chini ya gari hili, hata awe wa Kigoma, hata wa Mwanza, ataona. Wenzangu wengi wanaijua.”

Alikwenda kunawa, akaketi kivulini na sahani yake ya ugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Kopo la rangi nyeusi, ile nzito ya kupaka chini ya gari, lilikuwa pale, na brashi ndani yake. Niliwaza kwamba mama mdogo ana tabia ya kuinama kutazama chini ya gari kabla ya safari. Niliwaza kwamba kosa lile la njano lingeonekana. Nililala chali juu ya saruji, nikiwa na sketi yangu ya kwenda mashambani, nikalipaka rangi bamba lile mara mbili, kingo zake kwa uangalifu, mpaka likafanana na chuma chochote kingine.

Fundi aliporudi aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Sawa,” alisema. “Basi kuanzia hapo si kazi yangu tena. Ni yako.”

Nyumbani kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Bibi alipovuka mpaka hakuwa na sufuria hata moja. Miaka ya mwanzo kila kitu jikoni mwake kilikuwa cha jirani, na kila alichokirudisha alikitia kitu ndani, hata kama ni konzi ya maharage, hata kama ni majani ya maboga. Amekufa, lakini sheria imebaki. Kwa hiyo niliirudisha pikapu Kibondo ikiwa na tangi lililojaa, gunia la maharage ya njano, sukari, na sabuni za mtoto mchanga. Mama mdogo alipiga vigelegele uani. Majirani walitoka. Nilisimama kando ya chombo kilichovunjika, nilichokijaza zawadi, nikipongezwa kwa malezi mema.

“Hii bampa,” alisema baadaye, akiigonga kwa kidole, “mbona inang'aa kuliko gari lenyewe?”

“Nilimkwepa mbuzi, mama. Nikaikwaruza kidogo. Nimeitengeneza.”

Alinishika mabega. “Wewe hukuumia?”

“Hapana.”

“Basi. Chuma kinapakwa rangi. Mtu hapakwi.”

Hadithi ile aliipeleka kwenye kwaya. Nilipokwenda Kibondo mara ya pili, akina mama walikuwa wamenipa jina. “Mama Mbuzi huyo!” walipaza sauti kutoka kwenye benchi za mazoezi. Mmoja wao, mwenye sauti ya kwanza, mcheshi asiyechoka, alinisogelea kwa uso wa msiba. “Mbuzi wa Kagerankanda wanakusalimu. Yule uliyemwokoa amezaa mapacha. Mmoja wamempa jina lako, mwingine wamemsubirisha mpaka uhitimu.” Nilicheka hadi machozi yakatoka, na yalikuwa machozi ya kweli, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyachunguza.

Wiki mbili nilizomwahidi fundi zilipita, zikawa miezi miwili. Kila nilipofikiria kuiomba pikapu, mama mdogo alikuwa na mzigo wa kubeba, na ili aache mzigo ningelazimika kutoa sababu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi Alhamisi ile, kwenye mfereji wa Murungu.

Tulipofika kwa wakulima, mama mdogo aliingia ghalani kupima maharage. Nilichukua gunia tupu, nikalitandika chini ya pikapu, nikalala chali. Rangi yangu nyeusi ilikuwa imepasuka na kubanduka ganda ganda, na chini yake chaki ya fundi ilikuwa imebaki ileile, njano, mstari mmoja mzima na nusu ya mwingine. Kando ya bamba, kuanzia pale chuma cha kuchomelea kilipoishia, ulitoka ufa mwembamba kama unywele, wenye kutu mpya ya rangi ya chungwa. Nilitoa utepe, nikaupima. Milimita arobaini na moja. Hata hapo nilipima, kana kwamba nambari ingefanya kazi badala yangu.

Kandambili za mama mdogo zikasimama kando ya tairi.

“Mwanangu, umepoteza nini huko chini?”

“Kalamu.”

“Umeipata?”

“Nimeipata.”

Nilitoka nikiwa nimeishika mkononi. Ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Tuliporudi nilimwomba aende polepole. Alinitazama kwa pembe ya jicho. “Leo una nini? Umeshika mlango kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka.” Kisha, kwa furaha, akaniambia kwamba Jumapili angewaleta akina mama wote kumi na sita kuimba kwenye sherehe ya mavuno Heru Juu, na kwamba ningewasubiri huko na kukaa nao mbele, kwa sababu wao ndio walioomba Mama Mbuzi aketi mbele. Nilifikiria milima iliyopo kati ya Kibondo na Kasulu, na miteremko yake. Nilifikiria mkono wa tairi unaoshikiliwa na mhimili wa kushoto. Nikasema itapendeza.

Ijumaa nilirudi Kasulu kwa basi. Nilianza ujumbe mwingi. Mmoja ulisema: “Mama, upo uwezekano kwamba chesesi haijakaa sawasawa.” Nilifuta “upo uwezekano”, nikaweka “inaonekana”, nikafuta “inaonekana”. Nilikokotoa mzigo: akina mama kumi na sita, makadirio ya uzito, mashimo ya barabarani. Nilijiambia kwamba ufa ule huenda ulikuwa na wiki nyingi na haujaua mtu. Nilijiambia pia kinyume chake. Nilikuwa hodari pande zote mbili, na wakati nikibishana na nafsi yangu siku ilikwisha.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa fundi. Alikuwa chini ya basi dogo; niliona miguu yake tu, nikaizungumzisha miguu. Nilimwomba ampigie simu mama mdogo yeye, aseme amekumbuka kwamba kuna sehemu hakuikaza, aombe gari lirudishwe.

“Hivyo kosa litakuwa langu,” miguu ilisema.

“Ni njia ya kumlinda.”

“Ufa una urefu gani?”

“Milimita arobaini na moja.”

Spana ilitua kwenye saruji. “Gari liko wapi?”

“Kibondo.”

“Kesho?”

“Linabeba watu.”

Alitoka chini ya basi taratibu, akakaa kwenye saruji, akafuta mikono kwa kitambaa bila kuniangalia. “Mwalimu, mimi sipandi gari hilo. Kipimo hicho unaniletea mimi cha nini? Mpe anayelipanda.” Baadaye, nilipokuwa nimeshafika lango, akaniita. “Mwambie lisitembee hata hatua. Lije juu ya lori. Nitalivua lote, nitalivuta upya tangu mwanzo, siku tisa. Na wewe utakuwepo kushika uzi.”

Sikupiga simu Jumamosi ile. Nilijiambia yuko mazoezini, asingesikia. Mama mdogo husikia simu hata akiwa mashineni.

Walipanga kuondoka saa moja asubuhi. Ilipofika saa moja kasorobo nilikuwa nimekaa kitandani, simu mkononi, karatasi mapajani ambayo juu yake nilikuwa nimeandika sentensi ya kwanza ili isinipotee. Nikapiga.

Alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Nyuma yake injini ilikuwa ikiunguruma na akina mama walikuwa tayari wanaimba.

“Mwakeye, mwanangu!” Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. “Wasikie wenzako!”

“Mama Mbuzi!” sauti ya kwanza ilipasua juu ya nyingine zote. “Tunakuja na njaa! Usituchinjie mbuzi, ni shemeji yako!”

Walicheka wote. Niliitazama karatasi, sikuweza kusoma nilichoandika.

“Mama, zima gari.”

“Nini? Sema kwa nguvu.”

“Zima gari. Waambie washuke.”

“Kuna msiba?”

“Hapana. Chesesi imepasuka, mbele, upande wa kushoto. Ile sauti haikuwa jeki. Niliuona ufa Alhamisi, nilipokuwa chini. Sikupoteza kalamu. Nilipoligonga, fundi aliniambia halijapona. Aliweka alama ili ijulikane. Niliipaka rangi mimi, kwa mkono wangu, ili usiione.”

Injini ikazimika. Wimbo haukukatika mara moja. Ulipungua sauti moja baada ya nyingine, mpaka akabaki yule wa sauti ya kwanza peke yake, naye akaacha katikati ya neno.

“Shukeni,” nilimsikia mama mdogo akisema. “Wote. Taratibu.”

“Ni mafuta?” mtu aliuliza. Nikasikia miguu ikitua ardhini, na nikawa nawahesabu, mmoja, wawili, watatu, hadi kumi na sita.

Kisha sauti yake ikarudi karibu na simu, ndogo, isiyo na hasira ambayo ningejua la kuifanya.

“Na yule mbuzi?”

“Hakukuwa na mbuzi, mama.”

Akasema na mtu mwingine, si mimi, bila kukata simu: “Nipe gunia hilo. Nataka kulala chini nione mwenyewe.”